Ule ukuta wa kijani mnaousifia hapa Kakamega, mimi niliishi upande wake wa ndani

Wakuu, nawasalimu kutoka Kakamega. Mvua inanyesha, chai imepoa mezani, na hasira bado iko moto.

Nitakayoandika hapa niliyaona, nikayagusa, nikayanusa kwa pua yangu. Sihitaji kuongeza chumvi. Ilivyo inatosha.

Kuna picha inazunguka kwa ile thread ya majengo mazuri ya Western. Ghorofa nyeupe, upande mmoja wote kijani kutoka chini hadi juu, majani yamening'inia kama nywele. Mmeandika "goals". Mmeandika "hatimaye Kakamega imeamka". Mwingine anauliza kama vyumba bado viko.

Nilisoma comments zote, nikaweka simu chini, nikatoka nje kwanza. Nilikuwa karibu kutukana mtu asiye na makosa.

Basi leo niwape story ya upande ambao picha haionyeshi.

Mimi ni fundi wa cherehani hapa mjini. Nashona uniform za shule, na msimu wa harusi nashona gauni. Sina mume, sina mtoto, nina mama.

Mama ni mtu wa kijijini Iguhu. Mkulima tangu nimjue, na hata kabla. Yule mama wa kuingia shambani na umande, akitoka huko ni jua la utosi. Sasa akateleza akitoka kisimani, akavunjika nyonga. Baada ya operesheni daktari akasema akae karibu na hospitali, awe anafanyiwa mazoezi ya mguu. Nikamleta kwangu.

Hakutaka kuja. Nawaambia hivyo mapema ili mjue ni nani alimtoa kwake kwa nguvu. Ni mimi.

Nilikuwa nimepata nyumba ya chini kabisa kwenye hiyo ghorofa, hakuna ngazi za kupanda. Mama nikampa chumba chenye dirisha kubwa, lile linaloangalia upande wa barabara. Nilidhani nimemchagulia kizuri.

Landlord wetu tulimwitanga Injinia. Si injinia. Aliuza mabati miaka mingi, akajenga ghorofa moja, jina likamganda. Ni mtu wa kucheka sana, wa kukushika bega akikuongelesha. Alikuwa ameenda Nairobi akaona hoteli yenye bustani iliyopanda ukutani, akarudi hajatulia. Akaleta designer, kijana mpole anaitwa Wafula, aliyesomea mambo ya landscape.

Kazi ikaanza wakati wa kiangazi.

Kwa wale hawajawahi kuona, inaendanga hivi. Wanafunga fremu za chuma ukutani. Juu ya fremu wanatandika kitambaa kizito, kimeshonwa mifuko mifuko, safu juu ya safu, kama mifuko ya koti. Kila mfuko unatiwa udongo kidogo na mche. Halafu bomba nyembamba inapita juu kabisa, inadondosha maji, yanashuka mfuko hadi mfuko mpaka chini.

Mimi kama fundi nilisimama nikaangalia ile mifuko, nikaipenda. Sitadanganya. Ilikuwa kazi safi.

Lakini katikati ya kazi Wafula akaacha kuja. Ghafla tu. Caretaker wetu, Shem, na vibarua wengine ndio walimalizia. Sisi wapangaji hatukuuliza. Nani huuliza mambo ya ukuta wa nje?

Siku ya uzinduzi kulikuwa na tenti, soda, na watu wa kamera. Kamba zetu za kuanika nguo zikang'olewa, eti zinaharibu view. Shem akapita mlango kwa mlango akituomba tusisimame dirishani wakati wa picha. Yaani ukuta ni wa kuonyesha, watu wa ndani ni wa kufichwa. Nikacheka tu wakati huo.

Mama sasa.

Wakuu, mama yangu aliupenda ule ukuta kuliko mtu yeyote. Dirisha lake lilikuwa limeachwa katikati ya majani kama jicho. Asubuhi anafungua, anatoa mkono, anashika jani moja moja. Alikuwa amekaa kwangu wiki nyingi bila kucheka. Siku hiyo akaniuliza, "Mwana wanje, mwanangu, sasa hili shamba limesimama hivi, jembe linaingilia wapi?" Akacheka mpaka akashika ule mguu wake.

Akaniagiza nimletee mbegu za tsisaka kutoka nyumbani. Tsisaka ni ile mboga chungu kidogo, wengine mnaiita saga. Akazichomeka kwa mifuko iliyo karibu na dirisha, zile mkono wake ulifika. Zikaota. Jamani, huyo mama alirudi kuwa mtu! Mazoezi ya mguu aliyokuwa anakataa, akaanza kuyafanya amesimama dirishani, ameshikilia chuma.

Nikirudi jioni napewa ripoti. Hii imetoa jani. Ile imeliwa na mdudu.

Halafu siku moja nikarudi nikampata amekaa kitandani, mikono kwa mapaja, dirisha limefungwa.

Shem alikuwa amekuja akang'oa zote. Injinia alisema mboga zinafanya jengo lionekane la kishamba.

Mama hakulalamika. Alisema tu, "Kumbe ni ya kuangalia." Basi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilikasirika, lakini nilimeza. Mpangaji humeza mengi.

Ikaja mvua.

Mtu wa Kakamega hahitaji kuelezwa mvua yetu. Inakuja alasiri kama mtu wa kazi. Sasa fikiria hiyo mvua, na juu yake ile bomba bado inadondosha maji kila siku, inyeshe isinyeshe, kwa sababu Injinia alitaka majani yang'ae.

Rangi ya ukuta kwa chumba cha mama ikaanza kuvimba kama ngozi imeungua. Nikaigusa, ikapasuka, maji yakanichuruzika vidoleni. Halafu harufu. Ile harufu ya nguo iliyosahaulika ndani ya beseni. Halafu nyuma ya kitanda nikaona weusi. Nikasugua na jik, ile dawa ya kutoa madoa, ukaondoka. Ukarudi. Nikasugua tena, ukarudi umepanuka.

Nikamwambia Shem. Akasema atamwambia mzee. Nikampigia mzee mwenyewe, akasema atatuma fundi. Fundi akaja na ndoo ya rangi, akapaka juu ya ule weusi. Juu yake, wakuu! Kama mtu anayefunika kidonda kichafu na plasta.

Mama akaanza kukohoa.

Mwanzoni tulisema ni baridi ya mvua. Nikamchemshia tangawizi. Kikohozi kikashuka kifuani, kikakaa. Akawa anaamka amekaa, hawezi kulala chali. Siku moja nilikuwa napima mteja dukani, jirani yangu Zainabu akanipigia. "Njoo, Kukhu hapumui vizuri." Kukhu ni nyanya, ndivyo alivyomwita mama. Zainabu ni mama wa Mumias, anaishi mlango wa pili kutoka kwetu, ukuta uleule, na ana mtoto mchanga. Niliacha mteja na tepu shingoni mwake.

Tulimfikisha hospitali midomo imebadilika rangi. Wakamweka oksijeni. Wakapima TB, hakuna. Wakapima hili na lile. Mwishowe daktari, dada mdogo tu lakini makini, akaniuliza kitu sikutarajia. "Mnaishi nyumba ya aina gani?"

Nikamwelezea. Nikamwonyesha picha za ukuta wa chumba kwa simu.

Akazikuza kwa vidole. Akasema mapafu ya mama yanapigana na kuvu, huo weusi wa ukutani, na kwamba dawa atapewa lakini asirudi kulala humo. "Ukimrudisha huko, utamrudisha hapa."

Nilitoka wodini moja kwa moja hadi kwa Injinia. Nilimpata anakula ingokho, kuku wetu wa kienyeji, na wageni kwa balcony yake. Nikamsalimia kwa heshima, nikamweleza. Nikamwomba afunge maji, atoe ule ukuta kwa upande wa vyumba vyetu, akaushe kuta.

Akafuta mikono polepole. Akanishika bega.

"Msichana," akasema, na mimi si msichana, "shida yenu mnapika mkifunga madirisha. Na hawa wamama wa reserve mnawaleta town hawajui kuishi kwa nyumba ya stima. Amezoea moshi wa kuni maisha yake yote, leo kikohozi ni cha maua?"

Wageni wakacheka.

Wakuu, nilishuka ngazi za kwake wageni bado wanacheka.

Mama yangu alipikia kuni maisha yake yote na hajawahi kulala hospitali kwa kifua. Alivunjwa kifua na mapambo. Mapambo ya mtu mwingine.

Nikatafuta namba ya Wafula, yule designer. Nia yangu ilikuwa kumtukana mpaka simu iishe charge. Nilianza vizuri sana. Akanisikiza yote, halafu akasema, "Madam, hiyo kazi sikuimaliza. Alinitoa."

Akanieleza. Ukuta wa mimea haugusanishwi na ukuta wa nyumba. Kwanza unapaka ukuta dawa nzito ya kuzuia maji. Kisha unaweka ubao maalum usiopitisha unyevu. Kisha unaacha nafasi nyuma, hewa ipite. Chini unaweka mfereji wa kubeba maji yanayotoka. Injinia alikubali yote kwa mdomo. Ilipofika wakati wa kuyafanya, akasema hayo mambo hayaonekani kwa picha, kwa hivyo ya nini. Wafula akakataa kuendelea, akafukuzwa.

Nikamuuliza, "Na ulinyamaza?"

Akasema Injinia ana marafiki wengi wanaojenga. Alikuwa ameahidiwa kwamba asipoongea vibaya, angetafutiwa kazi nyingine.

Nikamwambia, "Basi njoo. Usiongee. Njoo unuse tu."

Sikudhani atakuja. Alikuja Jumamosi, amevaa gumboots. Nikamfungulia chumba cha mama. Akaweka kiganja ukutani. Akapiga magoti akaangalia nyuma ya kitanda. Kitanda kilikuwa bado kimetandikwa, leso ya mama iko juu ya mto. Yule kijana alikaa sakafuni akashika kichwa.

Akatoka nje, akaenda kwa ule ukuta wa kijani mbele ya wapangaji waliokuwa wanafua. Akakunja pembe moja ya kitambaa. Ndani fremu ilikuwa imefungwa kwa boliti moja kwa moja kwenye mawe ya ukuta, kitambaa kimegandamana nayo. Hakuna dawa, hakuna ubao, hakuna hewa. Nyuma yake ilikuwa matope na minyoo. Zainabu aliangalia mara moja, akavuta mtoto wake karibu na kifua. Huyo mtoto alikuwa anakoroma akipumua, na sisi sote tulikuwa tumeambiwa ni mafua.

Tukamwita Injinia. Alikuja haraka kwa sababu alisikia Wafula yuko. Tukaongea wote pamoja, kwa adabu, nawaapia. Zainabu ndiye aliongea zaidi. Akasema, "Mzee, hatutaki kesi. Funga maji, utoe hii kitu, tukaushe nyumba."

Injinia akasema ukuta hautoki. Kuna watu wa gazeti wanakuja kuuona. Anayeona ni mbaya ahame, nyumba zina watu wa kuzitaka. Akapanda gari, akaenda zake.

Tulibaki tumesimama pale kiwanjani. Hakuna mtu aliyepiga kelele. Nakumbuka Zainabu akimfunga mtoto mgongoni, akikaza leso vizuri. Halafu akaenda kwa ukuta, akashika mfuko wa kwanza, akavuta.

Haukutoka. Nikaenda kumsaidia. Makasi yangu makubwa ya kukatia kitambaa kizito cha kombati nilikuwa nayo ndani. Nikayaleta.

Wafula akapaza sauti, "Ngojeni! Msianzie chini, fremu itawaangukia!" Nilidhani anataka kutuzuia. Kumbe alikuwa anatafuta ngazi. Akapanda juu kabisa yeye mwenyewe, akaanza kufungua boliti moja baada ya nyingine, sisi tukipokea chini. Huyo kijana alikuwa anabomoa kazi iliyo na jina lake, na kila mtu barabarani anamwona. Sitamsahau.

Tulishusha ule ukuta mchana kweupe. Ulikuwa mzito ajabu. Mifuko ilikuwa inatoa maji kama matiti ya ng'ombe. Wapangaji wa ghorofa za juu wakashuka na ndoo. Shem alikuja mbio, tukadhani vita vimefika. Akasimama akatuangalia. Kisha akaenda akafunga koki ya ile bomba, akarudi kukaa kwa kiti chake pale gate, mgongo kwetu. Kesho yake alifutwa.

Polisi walifika na Injinia tukiwa tumebakisha kidogo. Injinia anapiga mayowe, uharibifu wa mali, uharibifu wa mali. Nikamwambia afande mkubwa, "Afande, kabla hujanifunga, ingia chumba kimoja tu."

Akaingia. Alipotoka alikuwa ameziba pua na kofia yake. Hakumwangalia Injinia usoni.

Sasa msidhani hapo ndipo tulipona. Alituweka kwa gari, mimi na Wafula. Tukaandikisha statement, tukakaa kwenye benchi mpaka jua likatua, ndipo tukaachiliwa. Kesi haijafika popote. Baadaye afisa wa afya akaja, akaagiza vyumba vya chini vifungwe mpaka vikauke. Injinia akalifurahia hilo agizo kuliko mtu yeyote, kwa sababu lilimpa njia ya kututoa wote. Zainabu alirudi Mumias kwa wazazi wake. Mtoto ameanza kupumua vizuri, alhamdulillahi, kama anavyosema Zainabu. Mimi nililala dukani kwa muda, juu ya vitambaa.

Nikaenda hospitali kumwambia mama. Nilienda kama shujaa, wakuu. Matope bado kwa kucha. Nikamweleza tulivyoubomoa, nikingoja afurahi.

Alinisikiza mpaka mwisho. Akatoa ile mask ya oksijeni kidogo.

"Na mimea mliipeleka wapi?"

Nikasema tuliirundika kando ya gate. Nadhani imekauka.

Akageuza uso ukutani. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kwa sababu pumzi haikuwepo, "Ilikosa nini? Ilijipanda?"

Na hilo swali lake ndilo limenifanya niandike leo, kwa sababu hasira yangu ilikuwa imekosa njia. Mimi nilianza kuchukia hata ua kwa kopo. Nikiona kijani ukutani natema mate. Mama, ambaye ndiye alikosa pumzi, hakuchukia. Alijua nani wa kuchukiwa.

Mimea haikukosa. Kuna jirani yangu hapa sokoni ameotesha sukuma kwa magunia yaliyosimama, hatua kadhaa kutoka kwa nyumba, anakula na anauza. Kuna watu wanafanya hizi kuta vizuri na zinapoza nyumba. Wafula mwenyewe amefanya moja kwa nyumba ya mtu njia ya Malava. Nilienda kuiona, nikaweka mkono ukutani kwa ndani. Kavu kabisa.

Aliyekosa ni mtu aliyeona kwamba kile kisichoonekana kwa picha hakina maana. Hewa nyuma ya ukuta haionekani. Mfereji hauonekani. Mama yangu pia hakuonekana, aliambiwa asisimame dirishani.

Leo ukipita hapo utaona kijani tena. Ni plastiki. Ameinunua ya mita, akaipigilia palepale. Vyumba vya chini vimepakwa rangi, vina wapangaji wapya, na bado sijui kama kuta zilikauka. Nilienda kugonga niwaambie. Yule askari mpya wa gate akanifukuza.

Mama yuko Iguhu. Mguu umepona, anatembea bila fimbo. Kifua ndicho hakijarudi, na daktari anasema huenda kisirudi chote. Nilimtembelea majuzi nikampata shambani ameinama kwa mboga zake za mrenda. Alipalilia mstari kidogo, akasimama, akashika kiuno, akawa anatafuta hewa mdomo wazi. Nikakimbia kumshika. Akanisukuma mkono. Akakaa chini kwenye udongo, akaendelea kupalilia amekaa, akijiburuta.

Mama yangu, wakuu. Anajiburuta kwa shamba lake mwenyewe.

Somo langu ni hili. Ukiambiwa nyumba yako itawekwa bustani ya ukutani, usiulize ni maua gani. Uliza nyuma yake kuna nini. Uliza maji yanaenda wapi. Na kama tayari iko, weka kiganja chako upande wa ndani. Kiganja kikirudi na maji, toa mzee wako na mtoto wako humo leo, maneno yafuate baadaye.

Wenye ujuzi wa ujenzi, nirekebisheni nilipokosea. Wanasheria, niambieni naanzia wapi, kwa sababu kunyamaza sitanyamaza. Na kama kuna mtu humu amepanga vyumba vya chini vya ghorofa nyeupe yenye majani ya plastiki, tafadhali nijibu hapa hapa. Nataka tu kujua kama kuna mtu kwenu anakohoa.